Ukimulika Mara Mbili

Walikutana mlango wa nyuma wa klabu, kreti za bia zinashushwa, watu wanapigana vikumbo. Didjei alikuwa amekumbatia spika yake. Mbele yake dada wa meza za VIP, gauni jeusi limemkaa, viatu kavishika mkononi maana vilimbana.

"Dada, pita, ila usinikanyage na hizo kucha."

"Na wewe usinigonge na hilo kabati lako."

Wakacheka. Mambo yakaanzia hapo hapo.

Sasa pale klabu wenye neno walikuwa wageni wa kutoka mbali. Wikendi wanajaa, wanataka muziki wa kwao, ule wa kishindo, na chupa iletwe na dada anayecheka. Wengine mikono haitulii. Basi hawa wawili wakapanga lao: mgeni akisumbua, dada anamulika tochi yake ya kazi mara mbili kule juu kwa didjei. Didjei anaweka rumba ya zamani, ile ya polepole. Mgeni anainuka na hasira zake kwenda kulalamika, dada anaponyoka.

"Wewe ndiye askari wangu," dada alimwambia kwenye simu.

"Askari wa rumba, mpenzi. Bunduki sina."

Wageni wakalalamika mpaka meneja akamwita didjei. "Nikiisikia tena hiyo rumba, kazi huna."

Hakumwambia mwenzake. Aliona haya, si unajua sisi wanaume na ujinga wetu.

Jumamosi tochi ikamulika. Mara mbili. Kidole kikafika kwenye rumba, kikagoma. Ikamulika tena. Didjei akainamisha macho, akaendelea na kishindo cha wageni. Alipoyainua, kule kwenye meza kulikuwa giza.

Kesho yake mchana klabu tupu, inanuka sabuni, dada akaingia na shati la mikono mirefu, na joto lote lile.

"Uliniona," akasema.

"Kipenzi, meneja alinikataza."

"Ungeniambia. Nisingekaa karibu na yule mtu. Nilikaa kwa kukutegemea wewe."

Didjei akageuka. Akawasha mitambo, akaweka rumba, sauti mpaka mwisho. Meneja akachomoza ofisini.

"Unatafuta nini wewe?"

"Kufukuzwa, bosi."

Dada akatabasamu, midomo tu. Akaiweka tochi juu ya mitambo.

"Mpeni dada atakayekuja. Mwambieni haifanyi kazi."

Rumba ilikuwa haijafika hata nusu dada alipotoka.