Mlio Chini ya Cherehani

Kila alipotoka shule, Pini aliketi karibu na bibi yake akikata nyuzi zilizoning'inia kwenye nguo mpya. Walimwita Pini kwa sababu alikuwa mwembamba na hakuacha kuchokonoa mambo. Bibi alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Tangu awekewe goti la bandia hospitalini, aliwatambia wateja kuwa sasa ana mguu wa chuma.

Siku moja ukasikika mlio. Tak. Tak.

"Cherehani ina kiu," Bibi alisema. "Mke mwenzangu, lete mafuta."

Pini akatia mafuta kila tundu. Wakakaza skrubu, wakabadilisha mkanda. Mlio ukazidi. Bibi akapunguza utani, na goti lake likavimba chini ya gauni.

Jioni iliyofuata Bibi aliinuka kufunga dirisha. Cherehani ilikuwa imetulia kabisa. Tak. Mlio ukamfuata hadi dirishani. Pini akageuka kulitazama goti.

"Bibi, mlio unatoka kwako!"

"Nyamaza! Mama yako akijua, nitapasuliwa tena. Safari hii huenda nisiamke. Niahidi hutasema."

Pini akaahidi, lakini usiku ule alibakiza chakula chake chote. Mama alipomuuliza ana nini, alijibu, "Hamna kitu."

Kesho yake Bibi alikuwa akipiga pasi goti lilipomteguka. Akaanguka, na pasi ya moto ikatua sakafuni karibu kabisa na uso wake. Pini akakimbilia jikoni.

"Mama! Goti la Bibi limeharibika. Alinikataza kusema!"

Bibi alipobebwa kwenda hospitali hakumtazama mjukuu wake hata kidogo.

Daktari aliwaonyesha picha ya goti. Kipande cha plastiki kilichokaa kati ya vyuma kilikuwa kimevunjika. "Mngechelewa, vyuma vingesagana na kuharibu mfupa," alisema. "Lazima tumpasue leo."

Pini alikaa kwenye benchi, macho yake kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Aliogopa sana. Bibi asipoamka, alijiambia, mdomo wangu ndio uliomuua.

Mlango ulifunguliwa baada ya muda mrefu. Bibi akatolewa juu ya kitanda cha magurudumu, yuko macho, midomo imemkauka.

"Nani aliyenisema?"

"Mimi, Bibi."

"Sogea hapa, mke mwenzangu." Akamshika mkono. "Cherehani ikibadili mlio, mimi husimamisha kazi papo hapo. Mwili wangu ulipolia, nikakufunga mdomo wewe, mtoto. Nilikosea. Mtu akikuomba ufiche ugonjwa wake, usikubali, hata kama ni mimi. Sema, hata akikununia."

Aliporudi nyumbani, Bibi alitembea taratibu kutoka kitandani hadi kwenye cherehani. Pini alitega sikio. Alisikia ndala tu zikiburuzika sakafuni.

"Masikini cherehani yangu," Bibi akasema akiketi. "Umeinywesha chupa nzima ya mafuta, na wala haikuwa mgonjwa."