Meza ya Barua ya Mbuke

Kila Jumamosi, baada ya kudeki mabweni, wasichana wote walikusanyika uwanjani kusikiliza majina ya waliopata barua. Siku hiyo Severina, kiranja mkuu, alipaza sauti: "Roza!"

Roza wawili walikimbia. Wa bweni la Rungwe alifika kwanza, akachana bahasha na kusoma kwa sauti. Kumbe barua ilikuwa ya Roza wa bweni la Ruaha. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali ya Tosamaganga kwa ugonjwa wa kifua. Kabla ya kengele ya chakula, shule nzima ilijua, na wengine walimkoholea kwa dhihaka. Roza wa Ruaha alifunga sanduku lake arudi kwao Ilula.

Mbuke, rafiki yake, alichukia mno. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Kalinga.

"Shikamoo, mwalimu. Barua zisitangazwe tena uwanjani. Nipe meza, nizigawe mimi."

Mwalimu alimpa wiki mbili za kujaribu, na Roza akakubali kungoja. Mbuke aliandika daftarini kila jina na bweni lake, akatundika mifuko miwili, mmoja wa Rungwe na mmoja wa Ruaha. Vikaratasi walivyoandikiana watu wa bweni moja vilipita humo humo bwenini. Vya kutoka bweni moja kwenda jingine, pamoja na barua za posta, vilipita mezani. Mbuke alisoma jina na bweni nje ya bahasha tu, akatia kila moja kwenye mfuko wa bweni hilo.

Jumamosi ya pili barua ya Roza wa Ruaha ilifika, na Severina alinyoosha mkono. "Nipe hiyo ya Roza, nitampelekea."

"Wewe ni wa Rungwe, dada. Hii ni ya Ruaha."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana sikupi."

Severina alimburuta hadi ofisini. "Mwalimu, mtoto huyu hana adabu!"

Mbuke hakuuachia mfuko wa Ruaha. Mwalimu alimwita Roza, akapewa barua yake mkononi. Aliisoma kimya, kisha akacheka huku analia. Mama alikuwa amepona.

"Anasema nisithubutu kuacha shule," alisema. Jioni alifungua sanduku lake.

"Severina, mbeba barua husoma jina, siri si yake," alisema Mwalimu Kalinga. "Na kumkatalia mkubwa anayekosea si utovu wa adabu."

Kisha alimpa Mbuke kikaratasi cha kupeleka kwa msichana mwingine, Lea. Mbuke alikitazama, akamrudishia.

"Hujaandika bweni, mwalimu."

Mwalimu alichukua kalamu, akaandika.