Miwani ya Kulengea Shabaha

Lori lilikuwa linamponyoka.

Elieshi Mbwambo alikimbia katikati ya miti ya Magamba, bastola ya Makarov mkononi, redio ya Motorola ikimgonga nyonga. Mbele yake, kwenye njia ya magogo, Isuzu jeupe lilipanda mlima likiunguruma. Nyuma ya lori alining'inia mtu mwenye kofia nyekundu, amekumbatia kreti.

"Rubeni! Wamepita njia ya juu. Wazibie darajani," aliita redioni.

"Nakuja, dada. Tope hili halitaki..."

Ukungu ukashuka.

Magamba ukungu haupigi hodi. Miwani ya Elieshi ikafunikwa. Akaifuta kwa kidole, ikafunikwa tena. Bila miwani, mtu na mti kwake vilikuwa kitu kimoja. Na miwani ndiyo hiyo, haionyeshi kitu.

Aliona kivuli. Akalenga. Akasita. Huenda ni mama anayeokota kuni.

Kivuli hakikusita.

Risasi ilipiga mwamba pembeni ya kichwa chake. Jiwe likaruka. Kioo cha kushoto kikapasuka, na kitu chenye moto kikamchoma juu ya jicho.

Alianguka magotini. Damu ikamziba jicho. Sauti ya Isuzu ilififia kilimani, kisha ikapotea kabisa.

Idara nzima ya usalama haikuwa na mtu wa kumshinda Elieshi kwa shabaha. Sasa alikuwa amepiga magoti kwenye majani mabichi, akipapasa chini, hajui barabara iko upande gani. Rubeni alimkuta hivyo hivyo. Akamshika mkono, akamwongoza mpaka kwenye Land Rover.



*

"Kipande hiki kingeshuka kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine," alisema Daktari Selina.

Alikuwa bingwa wa macho, mwanamke mrefu asiye na haraka, na chumba chake kule Bumbuli kilitazama mashamba ya chai. Alikidondosha kipande cha kioo kwenye bakuli. Kililia ting.

"Nahitaji kuona kufikia Jumamosi, daktari," Elieshi alisema.

"Kuna nini Jumamosi?"

"Mashindano ya kulenga shabaha. Kwemtindi."

Kila mtu alikuwa amesikia habari za Kwemtindi. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wageni walikuja na mabegi na vibali, na mmoja wao, Bwana Voss, alikuwa amechukua shamba la zamani la mlowezi akafungua klabu ya shabaha. Bunduki za michezo ziliingia kwa kreti. Kreti nyingine zilitoka usiku kuelekea mpakani, ambako jirani walikuwa wanachinjana.

Mkuu wake Elieshi, Bwana Kristofa, alikuwa amepiga simu asubuhi ile kutoka Dar es Salaam.

"Mzee Issa Singano wa forodha Tanga amekataa kutoa mzigo wa mwisho mpaka kreti zifunguliwe. Ni yeye peke yake aliyebaki. Wengine wote wameshalainika. Sasa Voss amemwalika mashindanoni."

"Kwa nini amwalike, Mkuu?"

"Ndiyo unakwenda kujua. Utaingia kama mshindani."

"Nipe ruhusa nipekue ghala lake."

"Huna. Yule ni mwekezaji. Usiguse kitu chake mpaka ushike ushahidi mkononi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mkuu."

Alielewa maana yake: aende akatazame.

Kesho yake likafika kwa basi boksi la miwani kutoka kwa Kristofa. Rubeni Shekiondo, kijana wa Rangwi aliyekuwa dereva wake na macho yake ya pili, alilimwaga mezani kwa daktari. Palepale akachukua miwani nyeusi, Ray-Ban, akaivaa.

"Hii, dada. Hii hata Voss mwenyewe atakuogopa."

"Hiyo ni kioo," daktari alisema. "Bunduki ikimrudishia moshi usoni, ataokota vioo kwenye jicho kama jana. Na kwenye ukungu giza la nini?"

Rubeni akaivua taratibu. Akainua ya plastiki, pana, ya kuvalia juu ya miwani nyingine.

"Hii je?"

"Inazuia. Lakini miwani miwili inapika mvuke katikati. Hataona tena. Halafu akilaza shavu kwenye kitako cha bunduki, yote inapanda juu."

Ya mwisho ilikuwa mbaya. Fremu nene, mbavu za pembeni kama vifunika macho vya punda, vitundu vidogo vya kupitisha hewa, na alama ya usalama ya Z87 kwenye mkono wake. Haikuwa na lenzi bado.

"Hiyo," alisema Daktari Selina. "Lenzi za polikaboneti, plastiki ngumu, za namba yako. Haivunjiki kirahisi hata ukiipiga nyundo. Rangi iwe njano, inapambanua vitu kwenye ukungu. Hebu shika ufagio ule. Lenga."

Elieshi alilaza shavu kwenye mpini. Daktari aliinama akamchungulia.

"Unaona? Ukilenga, kichwa kinainama. Huangalii katikati ya lenzi, unaangalia kona ya juu karibu na pua. Fundi lazima aiweke namba pale. Na jicho lishike kile kijiti cha kulengea mwisho wa mtutu. Kibao cha shabaha acha kiwe na ukungu kidogo."

"Niache nisione ninachokipiga?"

"Uone kinachokuongoza. Huwezi kuona vyote, mwanangu."

Lenzi zilichongwa Moshi. Rubeni alizifuata mwenyewe na kurudi bila kulala, macho mekundu, akicheka.

"Ukinipotezea hii, dada, safari nyingine unakwenda kwa miguu."

*

Jumamosi kulikuwa na jua jembamba na ukungu uliobaki mabondeni. Kwemtindi walichoma mbuzi. Wafanyabiashara walikuwepo, na walimu wawili watatu, na Mkuu wa Polisi wa Wilaya ameketi kwenye kiti cha heshima na soda yake. Bwana Voss alizunguka na suti ya rangi ya mchanga, akisalimia kwa Kiswahili safi.

Elieshi alilala kifudifudi kwenye mkeka wake. Mbele yake kulikuwa na bunduki ya Mauser iliyosuguliwa ikang'aa, na kiboksi cha risasi chenye jina lake. Makarov alikuwa ameifunga mgongoni chini ya jaketi. Vifunika masikio vyake vilikuwa kazi ya mafundi wa idara: ndani ya kile cha kulia kulikuwa na kipokea sauti. Aliweza kumsikia Rubeni. Kumjibu hakuweza.

Kwenye mkeka wa pili alilala Mzee Issa. Mtu mnene, mvi mpaka kwenye nyusi, miwani ya kioo ya kusomea imekaa puani.

Mshindani wa kwanza alifyatua. Milima ikaitika.

Sauti ya Rubeni ilimjia sikioni, ya kunong'ona.

"Dada. Niko nyuma ya ghala, dirishani. Ni bunduki za vita, zimejaa. Na kuna meza hapa ya koleo na baruti. Wamejaza risasi upya. Kiboksi kizima cha mzee Issa. Akifyatua itapasukia usoni kwake, waseme ni ajali. Mtoe pale, d..."

Kishindo. Kitu kizito kikaanguka. Mtu akahema karibu sana na redio.

Kisha sauti nyingine, ya polepole.

"Wewe unayesikiliza. Sijui uko wapi hapo uwanjani. Mwenzako tunaye. Nikisikia kelele yoyote, nikiona mtu kasimama, namchinja. Kaa utazame mchezo."

Elieshi hakugeuza hata shingo.

Mkuu wa Polisi alikuwa hatua chache tu nyuma yake. Neno moja lilitosha. Na neno hilo lilikuwa shingo ya Rubeni.

Mshindani wa pili akafyatua. Watu wakapiga makofi.

Alifikiria kumpa mzee miwani yake. Upuuzi. Kwa lenzi zile mzee asingeona hata mtutu, na yeye mwenyewe angerudi kule Magamba, magotini. Alifikiria kujifanya mgonjwa. Kundi zima lingesimama. Kila mlango aliougusa ulikuwa umefungwa.

Ulibaki mmoja.

Alisukuma vifunika masikio nyuma, akajiburuta kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Kiatu chako kimekanyaga mkeka wangu, samahani."

Mzee Issa aligeuka kutazama miguu yake. Mkono wa Elieshi ulipita mara moja kati ya mikeka. Kiboksi chake kikaenda, cha mzee kikarudi.

"Mbona hakijakanyaga?"

"Basi macho yangu, mzee. Unisamehe."

Kivuli kikaanguka juu yao. Voss alikuwa amesimama nyuma, mikono mgongoni.

"Zamu ya mama huyu," alisema kwa upole. "Kisha mgeni wetu wa Tanga. Karibu, mama. Risasi iko tayari?"

Risasi aliyoishika ilionekana ya kawaida kabisa. Shaba nzuri, inang'aa. Aliisukuma ndani ya chemba, akafunga komeo.

Asipofyatua, Voss angejua. Akifyatua, hakuna ajuaye itampasukia wapi. Mkono. Shavu. Macho.

Alilaza shavu kwenye kitako. Kupitia kona ya juu ya lenzi ya njano kijiti cha kulengea kilisimama wazi, kikali, kila ukingo wake. Kibao kule mbali kilikuwa doa tu. Alisali sala fupi ya Kipare aliyofundishwa na bibi yake, hakufika mwisho wake.

Akavuta.

Dunia ilipasuka nyeupe.

Alijikuta chali, anatazama mbingu. Shavu lilikuwa linawaka. Mkono wa kulia ulikuwepo, lakini haukuwa wake tena. Kipande cha shaba kilikuwa kimekita kwenye lenzi ya kulia, sawa na mboni ya jicho, kimekwama pale, na nyufa zimekizunguka.

Hakikupita.

Na hapakuwa na sauti. Midomo ilifunguka, watu walikimbia, kiti cha heshima kilianguka, na vyote vilikuwa kimya kama picha ukutani. Kwa jicho la kushoto aliona kila kitu. Aliona Mzee Issa anapiga magoti kando yake, mdomo ukisema binti, binti. Aliona kofia nyekundu inachomoka kutoka upande wa ghala, inakimbilia msituni.

Na alimwona Voss. Watu wote walikuwa wanamkimbilia majeruhi. Voss alikuwa anakimbilia kiboksi.

Mkono wa kushoto wa Elieshi ulikwenda mgongoni.

"Acha hapo hapo!"

Hakujua kama ametoa sauti. Voss aligeuka, akaona Makarov, akaingiza mkono ndani ya suti. Bastola ndogo nyeusi, Walther, ilianza kutoka.

Elieshi alilenga kwa mkono asiouzoea. Akafyatua, asisikie mlio.

Voss alikaa chini ghafla, ameshika bega. Walther ililala kwenye majani. Mzee Issa, kwa wepesi usiotegemewa kwa mwili ule, aliikalia.

Elieshi akasukuma kiboksi kwa mguu mpaka kwenye viatu vya Mkuu wa Polisi. Akaonyesha ghala kwa kidevu.

*

Walivunja kufuli. Chini ya bunduki za michezo kulikuwa na bunduki za vita zilizopakwa grisi, zimepangwa mpaka darini. Mpango wa Kwemtindi uliishia pale, mchana kweupe, mbele ya mbuzi aliyeungua kwa kusahauliwa.

Rubeni alikuwa nyuma ya mlango, amelala ubavu. Waya wa redio ulikuwa umekatwa. Na koo lake.

Elieshi alikaa chini pembeni yake. Mtu wa kofia nyekundu aliletwa amefungwa kamba, akahojiwa palepale. Mkuu wa Polisi alisikiliza, kisha akaandika nyuma ya pakiti ya sigara ya Embassy, akampa Elieshi asome.

*Anasema walimmaliza kwanza. Ndipo akachukua redio.*

Aliisoma mara mbili. Kwa hiyo wakati ule wote alipokuwa amelala kwenye mkeka akinunua uhai wa Rubeni kwa uso wake, hapakuwa na cha kununua.

Jioni pakiti ikarudi na mwandiko mwingine.

*Amri kutoka Dar. Silaha zibaki nchini. Voss asafirishwe kwao akatibiwe. Samahani, mama.*

Voss alipita amelazwa kwenye machela, bega limefungwa. Alimtazama Elieshi, akasema kitu, akatabasamu. Elieshi hakujua kilikuwa kitu gani. Alimtazama mpaka mlango wa gari ukafungwa.

Mzee Issa alimshika mkono mzima kwa mikono yake yote miwili, akalia. Walitaka kumpeleka hospitali. Alitikisa kichwa. Walitaka kumpa gari. Alitikisa tena. Alifunga zipu ya jaketi kwa mkono wa kushoto, akaingiza Makarov mahali pake, akatoka uwanjani kwa mwendo wake wa kawaida, bila kugeuka.

Asubuhi alikuwa Rangwi.

Mama yake Rubeni aliitwa Marta. Alikuwa shambani kwenye mteremko, anapalilia maharage, kanga imefungwa kiunoni. Alipomwona mgeni aliegemeza jembe, akafuta mikono. Midomo yake ilisema salamu ya Kishambaa. Halafu alitazama nyuma ya Elieshi, njiani, akimtafuta mtu wa pili.

Elieshi alifungua mdomo. Maneno aliyatoa, ingawa hakuyasikia.

Mikono ya mama ikaenda kichwani, kinywa kikafunguka wazi, na majirani wakaanza kutoka nyumbani mwao, mmoja mmoja, mpaka ng'ambo ya bonde, wakikimbilia sauti ile.

Elieshi hakusikia chochote. Aliona tu, na aliona vizuri.