Matairi Manne ya Warda

"Samahani dada, dereva atachelewa sana? Nina haraka."

Mwanamke aliyekaa nyuma ya usukani aliacha kutafuna korosho, akamtazama abiria kwenye kioo cha ndani. Abiria mwenyewe alikuwa Yasini, mnunuzi wa pweza wa Kilwa Masoko. Alikuwa ameshuka muda huo huo na basi la Dar pale njia panda ya Nangurukuru, akajikalia kiti cha nyuma na madeli yake mawili matupu, na dakika tano nzima alikuwa akisubiri mwanamume fulani atoke hotelini akijifuta mdomo aje amwendeshe.

"Dereva yupo," mwanamke akasema. "Anasubiri umwambie unakwenda wapi."

Yasini alitaja Masoko kwa sauti ndogo, na njia nzima hakufungua mdomo tena. Baadaye alizoea kujisifu kwamba alimpenda Warda siku ile ile. Uongo mtupu. Siku ile alimwogopa. Kupenda kulikuja na bamvua lililofuata.

Maana bamvua ndiyo msimu wa Yasini. Maji yakitoka sana, akina mama wanashuka mwambani kuchokoa pweza, na yeye anawasubiri pwani na mizani na barafu. Pweza wakishapangwa kwenye madeli ni mbio za kuliwahi basi la Dar kule Nangurukuru, na madereva aliokuwa akiwategemea walikuwa ama wanachelewa, ama wanaziba pua na kusema gari zao si soko la samaki. Akaikumbuka namba aliyopewa na yule dada siku ile aliposhuka, akapiga.

Warda alifika dakika aliyosema atafika. Alitandika turubai nyuma ya gari, akabeba upande mmoja wa deli bila kuombwa. Yasini akaanza kuomba radhi kwa ajili ya harufu.

"Harufu ya pweza inatoka kwa ndimu," Warda akamkatisha. "Basi likikuacha, hasara yake haitoki kwa ndimu. Panda."

Huyo ndiye Warda binti Abilahi. Mzaliwa wa Mbagala, miaka thelathini na mbili, ameolewa mara moja na kuachika, na anaendesha gari kama mtu anayesoma kitabu anachokipenda. Alikuwa amehamia Masoko miezi minne kabla, yeye na baba yake mzee Abilahi na gari lake dogo, IST ya rangi ya fedha. Hapakuwa na ndugu aliyewapokea. Mji mzima ulijiuliza mwanamke anatokaje Dar, penye watu wote wale, kuja kutafuta abiria Kilwa.

Yasini naye alijiuliza, na siku moja wakiwa wanasubiri basi akamuuliza.

"Nilimleta abiria hapa kutoka Dar," Warda akamwambia. "Nikamsubiri masaa matatu. Nikaona akina mama wanashuka basini na watoto na mizigo, wanapakiwa bodaboda watatu watatu. Nikasema, kumbe kazi iko huku. Mimi nabanana nini kule?"

"Na Dar palikuwa na ubaya gani?"

"Nimebeba watu wa Dar miaka sita, hakuna hata mmoja aliyejua jina langu. Nilifanya teksi ya programu ya simu: simu inanituma kwa abiria, simu inanikata chake kwenye nauli, nikipumzika simu inanuna. Siku nilipomaliza kulipa mkataba wa gari na kadi ikaandikwa jina langu, nikamwambia baba afunge mizigo."

Haikuwa rahisi kama alivyoisimulia. Madereva wa kijiwe cha Nangurukuru walimwambia wazi kwamba foleni imejaa na haina nafasi ya mwanamke. Warda hakubishana nao. Aliandika namba yake kwenye vikaratasi, akaviacha kliniki, kwa walimu, kwa wauza vitenge, na hata Miteja kwa wakulima wa ufuta. Watu wakaanza kumpigia wakiwa bado wako Dar, kabla basi halijaondoka stendi. Akiambiwa nyumba iko kwa mama fulani, baada ya mkorosho uliokatwa, hahitaji kuelekezwa mara ya pili. Haukupita muda mrefu, wale wale wa kijiwe wakawa wanampigia wao kumpa abiria waliowazidi. Ukweli usemwe, mwanamke yule alikuwa na akili ya kazi, na anayebisha akapande gari lake aone.

Basi Yasini akawa anapenda kazi yake kuliko zamani, na kazi yenyewe ni ile ile ya pweza. Jioni moja, baada ya Warda kupeleka mzigo peke yake, ujumbe ukaingia: "Pweza wako wamepanda basi salama. Wewe umekula?"

Akausoma mara saba. Akajibu: "Sijala."

"Basi kula."

Kwa maneno hayo mawili mtoto wa watu alikosa usingizi. Mwezi wa pili wa kufahamiana alimwambia anataka kumuoa. Warda alicheka kwanza, kisha akamwambia atume wazee.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Mama yake Yasini, Bi Maimuna, ni mjane anayeheshimika Masoko nzima, mwenye maneno machache na macho makali. Yasini alipompa habari, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Na huo usukani, ataacha lini?"

"Akishaolewa, mama," Yasini akajibu.

Hakuna aliyemlazimisha. Ulimi wake mwenyewe ulikimbia mbele ya akili, kama unavyokimbia ulimi wa mwanamume yeyote mbele ya mama anayemwogopa. Alijiambia atayaweka sawa baadaye. Na Warda naye hakuambiwa kitu.

Mjomba Idd, kaka yake Bi Maimuna, akachaguliwa kuwa mshenga. Alipokelewa vizuri na mzee Abilahi, posa ikakubaliwa. Likabaki la mahari, na mahari ni haki ya bibi harusi. Anaitaja mwenyewe, na mshenga kazi yake ni kuifikisha kama ilivyo. Siku Warda alipoitaja, mjomba Idd hakwenda moja kwa moja kwa dada yake. Alimpigia simu Yasini.

"Uko peke yako?"

"Niko na pweza tu, mjomba."

"Binti ametaja mahari. Anataka matairi manne mapya ya gari."

Yasini alicheka. Halafu kicheko kikamkauka.

"Na amesema nikufikishie hivi," mjomba akaendelea. "'Anayenioa mimi anamuoa dereva. Akileta matairi nitajua amesikia.' Sasa dada yangu nikamwambie nini? Yeye anajua binti anaacha gari."

Yasini alitazama pweza, pweza wakamtazama.

"Mwambie bangili. Bangili nne za dhahabu."

"Mpwa wangu, mshenga habadilishi maneno."

"Nisaidie, mjomba. Matairi nitamnunulia mwenyewe ndoa ikishapita, mambo yataisha kimya kimya."

Mjomba alihema muda mrefu, akakubali. Mapenzi ya mjomba kwa mpwa nayo yana hasara zake. Bi Maimuna akavunja kibubu chake akanunua bangili, akazifunga kwenye kitambaa cheupe, akafurahi kwamba mkwe wake ana macho ya kuona kitu kizuri.

Usiku wa kuamkia harusi Warda aliandika: "Mjomba wako alikupa ujumbe wangu?"

"Alinipa."

"Na umeelewa?"

"Nimeelewa."

Yote mawili yalikuwa kweli, na Yasini alilala akijua ametenda vibaya kuliko kama angesema uongo.

Ijumaa, baada ya sala, baraza la mzee Abilahi lilijaa wanaume kwenye mikeka, na ndani wanawake wamejaa mpaka jikoni. Shekhe akaingia na mashahidi na mzee Abilahi hadi kwenye mlango wa chumba cha bibi harusi kuchukua idhini. Yasini, na kanzu yake nyeupe pe, alisikia kila neno, maana dirisha lilikuwa wazi. Shekhe alimuuliza Warda kama anaridhia kuozwa Yasini kwa mahari ya bangili nne za dhahabu.

Kisha sauti ya Warda, taratibu: "Shekhe, naomba urudie hiyo mahari."

Shekhe akarudia, akisoma kwenye karatasi aliyopewa na mjomba Idd.

"Hiyo siyo niliyotaja," Warda akasema. "Basi idhini muulizeni huyo aliyeitaja."

Barazani watu waliacha kutafuna tende. Mzee Abilahi alitoka, akamtazama mjomba Idd, na mjomba akavua kofia akaanza kuikagua kana kwamba imetoboka. Simu ya Yasini ikatetemeka mfukoni: "Njoo mlangoni wewe mwenyewe. Usitume mtu."

Akaenda. Pazia la chumba lilikuwa limeshushwa, na pembeni alisimama mama yake na kile kitambaa cheupe mkononi.

"Ni mjomba au ni wewe?" Warda akauliza kutoka nyuma ya pazia.

Mjomba Idd alikuwa amemfuata, na alishatikisa kichwa kuonyesha yuko tayari kulibeba kosa hilo. Ingekuwa rahisi sana. Mzee amesahau, mzee amechanganya, yamekwisha.

"Ni mimi," Yasini akasema.

"Kwa nini?"

"Nilimwambia mama utaacha gari ukiolewa. Sikukuuliza. Ulipoleta ujumbe wako nikaona aibu, nikaufukia."

"Kwa hiyo mimi naingia kwenye ndoa nikijua nimeeleweka, na kwenu nasubiriwa nikabidhi ufunguo."

"Ndiyo."

"Yasini, nimeacha Dar kwa sababu nilichoka kutumwa na mtu nisiyemwona. Sikuja Kilwa kuanza upya kazi ile ile ndani ya nyumba."

Yasini alijua anampoteza, na kilichomuuma zaidi ni kwamba Warda hakupandisha sauti hata kidogo.

"Nani alisema aache?" Ni Bi Maimuna.

"Mama, uliniuliza ataacha lini."

"Niliuliza. Mtu akiuliza anajibiwa, hadanganywi. Ungesema haachi, ningenuna siku mbili, ya tatu ningepika." Alisogea karibu na mwanawe. "Baba yako alinikuta mwambani na mti wa kuchokolea pweza mkononi. Mimba yako nilikwenda nayo bamvua hadi bamvua, na hakuna mtu aliyenitumia mshenga kuniambia niiache bahari. Leo wewe unanificha mimi mwanamke anayefanya kazi?"

Yasini aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Kisha akageuka, akatoka barazani, akasimama mbele ya watu wote.

"Mahari iliyotajwa ni matairi manne mapya," akasema. "Nimeibadilisha mimi, mjomba wangu hana kosa. Naomba mnisubiri mpaka alasiri."

Wako waliocheka, na wako waliotazama chini. Kutoka ndani Warda akamwambia hajasema kama atakubali.

"Najua. Mahari nimeombwa, nitaileta. Idhini ni yako."

Masoko duka la vipuri lilikuwa na matairi mawili tu ya saizi ile. Bwana harusi akapanda bodaboda na kanzu yake hadi Nangurukuru, na habari ilishatangulia, maana simu za Kilwa zina mbio kuliko pikipiki. Watu walijitokeza barabarani kumtazama akirudi, tairi moja kifuani, jingine mgongoni, kanzu imekuwa ramani nyeusi. Akayapanga barazani na yale mawili ya Masoko aliyoyatanguliza, yote manne, kabla ya adhana, akakaa chini palepale kwenye mchanga kwa sababu mikeka ya watu ni misafi.

"Baba," Warda akaita kutoka ndani, "angalia yametengenezwa mwaka gani."

Mzee Abilahi akavaa miwani, akainama, akasoma. Yalikuwa ya mwaka huu.

"Na saizi?"

Akasoma saizi. Shekhe akakohoa.

"Yasini," Warda akasema, "ungemsingizia mjomba wako, saa hizi ningekuwa barabarani na abiria. Umenikosea, na kosa lako nitalikumbuka muda mrefu. Lakini umelisema mwenyewe, mbele ya mama yako." Akavuta pumzi. "Shekhe, niulize tena."

Shekhe akauliza tena, safari hii kwa mahari ya matairi manne mapya. Mabibi harusi wengi wa huku hunyamaza, na kunyamaza kwao kukahesabiwa ni ndiyo. Warda alijibu kwa sauti iliyofika mpaka kwa waliosimama barabarani. "Naridhia."

Vigelegele vilivyopigwa sina haja ya kuvieleza. Bi Maimuna aliingia chumbani, akafungua kitambaa, akamvisha mkwewe bangili moja baada ya nyingine. Akamwambia hizi si mahari ya mtu, hizi ni zawadi yake yeye, azivae hata akishika usukani.

Yasini alipoletwa kumwona mkewe, bado ana weusi wa matairi mikononi, hakujua pa kuiweka mikono yenyewe. Warda akaichukua yote miwili hivyo hivyo ilivyo chafu. Wakati huo simu iliyokuwa kitandani ikaita, na aliyekuwa karibu nayo ni Bi Maimuna.

"Haloo," mama akapokea. "Ndiyo, ni simu ya dereva. Leo haji, anaolewa. Mimi ni mama mkwe wake. Piga baada ya siku saba, yuko kwenye fungate."

"Mama," Warda akasema polepole, "mwambie siku tatu."

Bi Maimuna aliifunika simu kwa kiganja, akamtazama mkwewe, akamtazama na mwanawe.

"Siku nne," akamwambia abiria. "Na uwe umeshafunga mizigo, huyu hachelewi."