Vipimo vya Mama Pima

Kila asubuhi, kwenye kibaraza chao, zilisikika sauti mbili: randa ya Seremala na cherehani ya mkewe. Majirani walimwita mkewe Mama Pima. Hakuwahi kukata kitambaa kabla ya kukipima mara mbili, hata mteja afoke vipi.

Mama Pima alikuwa ametimiza miaka sita tangu hedhi ikome. Siku moja akaona damu tena. Aliogopa, lakini hakuona haya kusema. Alimwambia mumewe siku ileile, na kesho yake walikuwa hospitali. Ilikuwa saratani ya mfuko wa uzazi, bado changa. Alifanyiwa upasuaji, mfuko ukatolewa pamoja na uvimbe.

Wiki mbili baadaye nesi aliwaita kliniki.

"Mama, ukikubali, tutapima vinasaba."

Seremala aliruka kama aliyekanyaga msumari.

"Vinasaba! Miaka thelathini ya ndoa, watoto wanne, leo ndiyo mnataka kujua baba yao ni nani? Mke wangu, inuka twende zetu!"

Mama Pima alicheka mpaka akashika mshono wa tumboni.

"Baba watoto, hebu kaa. Wa mwisho yule, kwa pua ile kama yako, nani atabisha?"

Nesi naye alijikaza asicheke.

"Baba, hatupimi watoto. Tunapima uvimbe tuliotoa. Vinasaba ni maelekezo yaliyomo ndani ya mwili, yanayouambia ukue vipi. Kwenye uvimbe, maelekezo hayo yameharibika. Tukijua yameharibika wapi, tunajua tabia ya uvimbe. Upo mpole, ambao mara nyingi haurudi. Upo mkali, unaohitaji mionzi au dawa zaidi."

"Kwani kwa macho hamwoni?"

"Kwa darubini tunaona mengi, ila si yote. Nikikuletea mbao mbili zilizopakwa rangi moja, utajuaje ipi ngumu?"

"Nitakwangua rangi." Seremala akajipiga paja. "Ahaa! Kumbe mnakwangua rangi."

"Na msipopima?" aliuliza Mama Pima.

"Tunaweza kukupa dawa kali usizozihitaji. Au tukakukosesha unazozihitaji."

"Basi pimeni. Nguo za watu napima mara mbili, mwili wangu ndio tuukadirie?"

Walisubiri majibu wiki tatu. Katika wiki hizo Seremala alipiga randa mlango mmoja mpaka ukapwaya kwenye fremu.

Hatimaye daktari akawaambia, "Uvimbe ulikuwa ule mpole. Hutahitaji mionzi wala dawa zaidi. Siwezi kuapa kwamba hautarudi, lakini matumaini ni makubwa. Njoo kila tarehe tutakayokupangia. Ukiona damu, usingoje tarehe."

Tangu siku hiyo Seremala hafungi mdomo. Kila mteja anaambiwa, "Mke wangu kapimwa vinasaba!" Huwaacha washtuke kwanza, kisha huwaeleza kila kitu, kifua mbele, kana kwamba kipimo alikibuni yeye.

Jana alikuja kijana wa kike kuchukua stuli yake. Alisikiliza mpaka mwisho, uso ukambadilika.

"Mama yangu alikoma hedhi zamani," alisema. "Lakini anatokwa damu tangu mwezi uliopita. Anasema ni uzee."

"Si uzee," alisema Mama Pima. "Mpeleke leo. Huenda si saratani, lakini apimwe."

Binti aliondoka mbiombio, stuli akaiacha palepale. Seremala alimtazama mkewe kwa fahari, wala hakuificha.

"Stuli hiyo usimuuzie mtu mwingine," alisema Mama Pima, akaendelea kushona. "Atairudia yeye na mama yake."