Kidole Ndani ya Glavu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti alimfunga mama yake vifungo vya blauzi. Vidole vitatu vya mkono wa kulia wa mama havikukunjika tena.

Zamani mama huyo aliitwa Kipanga. Alikuwa mlinda wiketi wa timu ya taifa ya kriketi, yule anayechuchumaa nyuma ya vijiti kudaka mipira inayompita mpigaji. Naye akishika gongo, watazamaji hawakukalia viti. Sasa binti yake alikuwa mlinda wiketi wa shule, na wenzake walimwita Kinda la Kipanga. Kwao ulikuwa utani. Yeye jina hilo lilimwelemea.

Asubuhi hiyo kifungo cha kwanza kilimshinda. Cha pili nacho kikamponyoka.

"Hebu lete mkono," mama alisema.

"Nimeulalia vibaya tu, mama."

"Mkono, mwanangu."

Kidole cha pete kilikuwa kimevimba na kuwa cheusi. Kinda alikiri kwamba mpira ulimgonga juzi mazoezini, akakificha kidole ndani ya glavu kwa sababu fainali ilikuwa kesho. Akaomba afungwe kitambaa tu, acheze, hospitali waende Jumatatu. Kwani mama mwenyewe si aliipatia timu mikimbio themanini na kidole kimevunjika? Kocha hachoki kuwasimulia.

Mama aliketi kitandani. Alisema kocha anasimulia nusu tu. Kidole kile alikificha msimu mzima, akiogopa kupoteza nafasi yake. Akawa anadaka huku anakikwepesha, ndipo viwili vingine vikavunjika. Alipofika kwa daktari, mifupa ilikuwa imeshaunga vibaya. Hakucheza tena. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

"Waliopiga makofi walirudi makwao," alisema. "Wewe ulipozaliwa, nilishindwa hata kukufunga nepi. Bibi yako ndiye aliyekufunga."

Kwenye zahanati, tabibu alikinyoosha kidole, Kinda akatokwa jasho kwa uchungu. Kingecheleweshwa zaidi, tabibu alisema, kingeunga kikiwa kimepinda. Wiki sita bila mpira.

Fainali walishindwa. Mdakaji wa akiba alidondosha mipira miwili, na mrusha mpira wao, aliyekuwa akichechemea tangu asubuhi, akamgeukia Kinda. "Kumbe wewe kifaranga cha kuku tu."

Kinda aliinamisha kichwa. Mama, aliyekuwa jukwaani karibu nao, alisikia. Alimwomba kocha nafasi, akasimama mbele ya timu, akauinua mkono wake ili wote wauone. Akawasimulia ile nusu nyingine.

"Mkitaka kunikumbuka, acheni hiyo themanini. Kumbukeni vidole hivi," alisema. "Ukiumia, sema siku hiyohiyo. Timu itapata mdakaji mwingine. Wewe hutapata mkono mwingine."

Kocha alitazama chini. Kisha mrusha mpira akaketi kwenye nyasi, akaanza kufungua kamba za kiatu taratibu, na kifundo cha mguu kilichotokea kilikuwa kimevimba vibaya.

"Wiki ya tatu hii," alisema.