Swali la Wazee wa Bwera

Treni ya Kampala ilipomwaga watu wake Kasese, mwaka 1971, Zedekia alikanyaga furushi la Martine.

"Bwana, tazama! Hii ni vitenge, hapana kapeti."

"Samahani, dada. Nilikuwa nasoma."

"Unasoma ukitembea? Basi uko mwalimu, ao uko kichaa."

Alikuwa mwalimu. Alifundisha maadili ya Kikristo chuo cha wachungaji, na swali lake kubwa lilihusu wagonjwa: nani aamue, daktari, ndugu au mgonjwa mwenyewe? Suti yake ya kijivu ilijaa vumbi. Martine, muuza vitenge kutoka Butembo aliyehamia Bwera, alivaa manjano na kucheka kwa sauti. Haukupita muda, Zedekia akawa anampigia simu dukani kwa Muhamood, jirani yake sokoni.

"Malaika wangu, umekula?"

"Nimekula. Weye je, umekula vitabu?"

Martine akampenda. Akamwambia asilomwambia mtu: mama yake, akiugua saratani, alimwomba amtoe hospitali akafie nyumbani. Naye alimtoa.

Miezi ikapita. Zedekia akaja kuzungumza kanisani Kasese. Martine alikaa mbele, kitambaa kipya kichwani.

"Yuko muuza vitenge wa Bwera," Zedekia akasema, "aliyemtoa mama yake hospitali. Je, alimpenda au alimuua?"

Watu wakageuka kumtazama. Siku ya soko, wateja waliipita meza yake kama ina ukoma.

"Sikutaja jina, mpenzi!" Zedekia alijitetea kwenye simu. "Watu wamefikiri sana. Mkuu wa chuo amenisifu."

"Uliniuliza?"

Zedekia akarudia sifa za mkuu.

"Haya, sheri, mpenzi wangu. Njoo unioe. Leta wazee, leta mbuzi, leta na huyo mkuu."

Zedekia akadhani amesamehewa. Akaja nao wote.

Wageni walipoketi, Sosthène, mjomba wa Martine, alimwita mbele yao, kama desturi inavyotaka. "Mwanangu, watu hawa wanasema unawajua. Tunywe pombe yao?"

Huulizwa kila msichana. Kila msichana huinamisha kichwa, akasema ndiyo.

Martine hakuinama. "Huyu anajua mambo yangu yote, na ameitangaza. Mimi simujui. Musikunywe."

"Martine!" Zedekia alisimama. "Si ungeniambia tukiwa wawili?"

"Weye ulinisemea wapi? Si mbele ya watu?"

Mkuu wa chuo aliangalia viatu vyake. Mbuzi wakafunguliwa, wakarudishwa barabarani wakipiga kelele.

Martine aliingia chumbani, akalia, maana alikuwa bado anampenda. Kisha akanawa uso, akatoka kuwaambia shangazi zake wapakue chakula. Kilikuwa kinapoa.